Nilipokea Simu ya Kapteni Siku Yake ya Mapumziko

Mshauri wetu mpendwa,

Kabla hujanionea huruma, ujue unasoma barua ya mwanamume mwenye bahati kuliko wote mtaani kwetu, maana mke wangu ni rubani, kapteni kabisa, mistari minne begani, na mimi kinyozi nisiyemaliza shule nimeruka naye dunia nzima bure, nimenyoa ndevu bara hili nikazipangusa bara lile, hadi wateja wananiita Bwana Mawingu, ila sasa nisaidie, kwa sababu Bwana Mawingu analala kwenye kochi.

Marubani wamegombana na kampuni, wanasema wamechoka, wakiwa nyumbani wanapigiwa simu wakazibe nafasi, wakiomba waajiriwe wengine wanaambiwa wavumilie, basi chama chao kikaamua kila mtu arushe ndege zake za kwenye ratiba, lakini siku ya mapumziko hakuna kupokea simu ya ofisi, na mwenyekiti wa chama ni nani kama si mke wangu? Na meneja wa ratiba ni kaka yangu, tumbo moja. Asubuhi ile mke wangu anaoga, simu yake inalia juu ya friji, naona ni kaka, ningemwachaje, nikapokea.

"Mdogo wangu, shemeji yupo?"

"Anaoga."

"Abiria wamejaa, rubani anaumwa, nimekwama. Niokoe!"

Mshauri, moyo wangu ni laini kama povu la kunyolea, tena napenda sifa, nikasema, "Kaka, hesabu kapteni yuko njiani!"

Hakwenda. Lakini kaka alishawapigia wengine, "Hata mwenyekiti wenu amekubali," wakaanza kupokea simu mmoja mmoja, sasa wenzake wanamwita mke wangu msaliti na Jumamosi wanataka kumvua uenyekiti. Wakimuuliza nani alikubali kwa niaba yake, ananyamaza, ananisitiri. Nyumbani ni "chakula kipo" na "funga mlango", basi. Nimwokoeje bila kugombana na kaka, na bila kuonekana mjinga?

Mume wa Kapteni

*

Mume wa Kapteni,

Mjinga umeshaonekana, hilo tusipotezee muda. Nimecheka, nikakuhurumia, kisha nikatamani kukuzaba kofi. Mapumziko ya rubani ndiyo yanayomzuia asisinzie akiwa na roho za watu mkononi. Na ni siku yako pia, bwana wewe! Mwenzio anapigania siku ya kukaa na wewe nyumbani, wewe unaigawa kama pipi.

Lakini una mke! Anatukanwa na wenzake kwa ajili yako na bado anakuwekea chakula. Basi sikia. Anza na kaka yako, uso kwa uso: "Kaka, Jumamosi nitasema." Akinuna, mwache anune, alijua fika kwamba neno la mume si neno la rubani, akalitumia. Jumamosi funga saluni, nenda mkutanoni, omba nafasi, sema, "Mimi ndiye niliyepokea, yeye hakujua." Usieleze moyo wako ulivyo laini. Usitie kichekesho. Ukimaliza, toka ukamsubiri nje. Na simu yake ikilia tena, mpelekee hukohuko bafuni, aamue mwenyewe. Na kama una uongo mwingine umeuweka akiba, umalize sasa.

*

Mshauri,

Nilisema. Rubani mmoja mwenye mvi akauliza, "Kumbe mwenyekiti wetu ni kinyozi?" Wakaangua kicheko, na aliyecheka kuliko wote ni mke wangu. Uenyekiti anao bado, na simu za ofisi zinalia bila wa kuzipokea. Kaka amenuna, ila jana alikuja kunyolewa, akanuna huku kichwa kiko mikononi mwangu.

Kochi nimelihama. Tatizo ni kwamba kesho mke wangu anapumzika, na mbele ya wateja wangu wote amesema, "Bwana Mawingu, kesho tupande ndege sote wawili, tukae kama abiria," halafu akanikonyeza.

Ile ya kuruka dunia nzima ni uongo, mshauri. Sijawahi kupanda ndege. Naziogopa.