Sweta Isiyo na Kipimo

Jumapili, 1 Juni 2025

Nimeanza. Sindano mbili za kufuma na gunia zima la mabaki ya uzi kutoka kwa Umaima, jirani wa mlango wa pili. Yeye hushona sweta za shule kwa mashine. Maruni, kijani, buluu, na kibonge kimoja cha njano. Hakuna rangi hata moja inayotosha sweta nzima. Nimemwambia ni ya mtoto. Akauliza, mtoto wa nani? Nikasema, wangu. Akaangalia tumbo langu, akaangalia uso wangu, kisha akaongeza kibonge kingine cha kijani na hakuuliza tena. Mungu ambariki.

Tangu Februari tuko kwenye orodha, mimi na mume wangu Sitati. Karatasi zote zimepita. Bi Chesang, anayeshughulikia mambo yetu ya kuasili mtoto, alisema sasa tungoje simu tu. Mvulana au msichana? Hajui. Miezi mitatu au miaka miwili? Hajui. Basi nashona sweta ya mtu nisiyejua hata urefu wake! Miaka kumi na mbili ya ndoa, mimba tatu zilizotoka, na sasa nimekwama kwa kipimo cha kifua.

Jumanne, 3 Juni

Leo kazini agrovet, duka letu la dawa na chakula cha mifugo, kulikuwa kumepoa, wateja wachache. Nilificha sindano chini ya kaunta, kati ya dawa ya minyoo na vitamini za kuku. Vitanzi vya uzi kwenye sindano, sabini. Nikahesabu tena — sitini na nane. Nikahesabu tena — sabini na tatu. Hata vitanzi vinazaana. Vyenyewe vinaweza.

Akaja dada mmoja wa Njoro, mtoto mgongoni, kama miezi minane hivi. Nilitaka kipimo tu, Mungu ni shahidi. Nikamwomba nimpime mtoto kifua. Tepe iliyokuwa karibu ni ile ya kupimia uzito wa ng'ombe. Dada alicheka hadi akashika kaunta. Tepe yenyewe inaanzia kwa ndama. Mtoto hakufika hata namba ya kwanza. Nikampima kwa mkono: shibiri mbili na vidole viwili. Walipoondoka mtoto alinitazama juu ya bega la mama yake mpaka wakakata kona. Baadaye dada akarudi akicheka. Nilikuwa nimesahau kumpa dawa aliyokuja kununua.

Jumamosi, 7 Juni

Sitati amekuja nyumbani. Wiki nzima huwa Salgaa anatengeneza breki za malori. Alinawa mikono mara mbili kwa sabuni ya unga kabla ya kuishika sweta. Akauliza, huu ni mgongo? Nikasema ndiyo. Na hii? Hiyo ni mbele. Akazilinganisha. Akataka kujua kama mtoto atakuwa mnene nyuma peke yake.

Kisha shingo. Nilikuwa nimeifunga kwa nguvu isifumuke. Tukaijaribu kwa kabeji — ikakataa. Kabeji ndogo — ikakataa. Chungwa likapita.

"Tumwambie Chesang atutafutie mwenye kichwa cha chungwa," Sitati akasema.

Tulicheka hadi machozi. Yeye ndiye aliyeinuka kwanza. Akatoka nje kuangalia tangi la maji, ambalo halina shida yoyote.

Alhamisi, 12 Juni

Mama mkwe amefika kutoka Kimilili kwa ajili ya macho yake. Haoni vizuri, lakini sweta aliiona. Akasema hizo ni rangi za shule tatu, mtoto atafukuzwa zote. Nilicheka kweli. Halafu akauliza kama tumeshapata mtoto mwenyewe. Nikasema bado. Akasema kwao hawashonei nguo mtu ambaye hajafika.

Mwaka wa 2016 nilinunua sweta nyeupe, ya dukani, yenye vifungo vya bata. Anajua. Ni yeye aliyeitoa kabatini nikiwa bado hospitalini akaipeleka kanisani, ili nisiikute nikirudi. Sijui hadi leo kama namshukuru au namlaumu.

Jumapili, 15 Juni

Nimefumua yote. Kila kitu. Mgongo, mbele, shingo ya chungwa. Dakika kumi tu.

Jumatano, 18 Juni

Uzi uliofumuliwa umejikunja kama nywele zilizotoka kwa msuko. Sikujua la kufanya nao. Leo nimerudi kutoka kazini nikamkuta mama mkwe jikoni, amezungusha uzi kwenye mgongo wa kiti, na sufuria ya maji inachemka chini yake. Mvuke unaunyoosha. Akasema uzi wenye hasira hutoa sweta yenye hasira. Hiyo tu! Mambo ya mtoto hakuyataja. Lakini alikunja vibonge kumi na kimoja, kwa macho hayo hayo mabovu, na asubuhi anasafiri.

Ijumaa, 27 Juni

SIMU!

Msichana. Miezi mitano. Anaitwa Cherono. Nilikuwa nampimia mzee mmoja chakula cha ng'ombe — nimempa magunia mawili badala ya moja, akanirudishia mwenyewe. Akauliza, mathe, uko sawa? Nikamwambia nimepata mtoto. Akanisalimia kwa mikono yote miwili.

Kesho tunaenda kumwona. Sitati anatoka Salgaa leo leo. Miezi mitano! Nimeanza upya, vitanzi hamsini na sita, na havizaani.

Jumamosi, 28 Juni

Kituo kiko Milimani, nyumba ya zamani yenye veranda ndefu. Walimleta akiwa amelala. Nikampokea, na mkono wangu ukajua pa kukaa. Sitati alisimama na kofia mkononi kama yuko mbele ya hakimu. Nikamwambia amguse. Akasema mikono yake ina grisi. Haikuwa na grisi. Ilikuwa misafi kabisa.

Mtoto aliamka akaniangalia bila haraka. Ana nyusi za mtu anayekagua risiti. Nilikuwa na kipande cha uzi mfukoni, nikamzungushia kichwani, nikafunga fundo pale ulipoishia. Chesang akauliza nafanya nini. Nikasema, shingo. Ana kichwa kikubwa. Kikubwa, kizuri, cha kabeji kabisa.

Dakika arobaini, halafu wakamrudisha ndani. Tulipofika kwa lango la nyumbani Sitati akasema, "Amenishika kidole." Alikuwa amesubiri njia nzima kusema hivyo.

Alhamisi, 3 Julai

Chesang amepiga. Kumetokea nyanya ya Cherono. Mama wa mama. Walikuwa wametafuta ndugu wa mtoto miezi yote, tangazo likatoka, hakuna aliyejitokeza, sasa amejitokeza. Anafanya kazi kwenye shamba la maua upande wa Longonot. Hakujua bintiye alizaa. Binti mwenyewe hajulikani aliko. Sheria inasema ndugu kwanza, na Chesang akasema anajua ni ngumu.

Nilimwuliza tungoje hadi lini. Wiki mbili, nyanya aamue. Nikasema sawa. Nikasema asante pia, sijui ya nini.

Nimeiweka sweta juu ya kabati. Mkono mmoja, hauna mwenzake.

Jumapili, 13 Julai

Siku kumi sijaandika. Umaima alileta maandazi, akaona kapu la uzi halipo, akakaa tu na mimi. Mama mkwe amepiga simu mara tatu, akiuliza habari ya mvua. Hakuna mvua. Anajua hakuna mvua.

Leo Sitati ndiye aliyeishusha kutoka juu ya kabati. Akaiweka mapajani mwangu.

"Malizia, Cheruto."

Nikamwuliza, ya nani sasa?

"Ya yule yule. Akienda Longonot, kwani huko hakuna baridi?"

Nilimchukia kwa dakika tano. Kisha nikachukua sindano. Mkono wa pili nimeufuma kwa kijani, buluu ikiwa imeisha, na umezidi wa kwanza kwa vidole viwili. Sitaufumua. Nimeacha bega wazi na kutia vifungo viwili ili kichwa kipite.

Namtamani. Nimwandikie nani hivyo kama si hapa? Namtamani mtoto wa watu, na kuna mama mwingine Longonot anayemtamani pia, na sote tuna haki. Hapana. Yeye ana haki. Mimi nina sweta.

Alhamisi, 17 Julai

Niko kituoni, kwenye benchi ya veranda. Naandika kwa mkono mmoja. Nikiacha kuandika nitasimama, na nikisimama nitaingia mle ofisini.

Chesang aliniambia nije saa nne kusikia uamuzi. Nyanya alitakiwa saa mbili, lakini gari alilopanda liliharibika njiani. Tumekutana hapa hapa, hakuna aliyepanga. Nilidhani angekuwa mzee. Kumbe ana miaka arobaini na sita, mimi arobaini na moja! Buti za mpira za shambani, leso kichwani, na Cherono mapajani. Nyusi ni zake. Nyusi zile zile.

Akanisalimia, akasema anaitwa Chelagat. Nikasema Cheruto. Akauliza kama nimekuja kwa mtoto wangu. Nikasema nimekuja kuona mtoto. Akaacha hapo.

Alikuwa na hamu ya kuongea na mtu. Ana watoto wengine watatu nyumbani, wa mwisho yuko darasa la tatu. Kazini anaingia alfajiri. "Nikimchukua huyu, sina wa kumwachia. Nikimwacha, nitakula chakula gani kishuke?" Niliangalia buti zake.

Baridi ilikuwa kali, upepo unatoka ziwani. Mtoto alikuwa na fulana tu na shuka la kituo. Chelagat akaona uzi unachungulia kwenye mfuko wangu.

"Hiyo ni ya nani?"

"Ya mtoto."

"Mtoto yupi?"

Nikaitoa tu. Aliishika, akaigeuza, akaangalia rangi zote. Akaangalia mtoto. Akaniangalia mimi, kwa muda mrefu. Nafikiri hapo ndipo alipojua mimi ni nani. Akasema, "Mshike kichwa basi."

Tukamvalisha sote wawili. Ilikwama kwenye pua. Mtoto akapiga kelele ndani ya maruni, Chelagat akavuta, mimi nikatafuta vifungo ambavyo nimevitia mwenyewe na sikuviona. Kichwa kikatoka, kimechukia. Chelagat akacheka, na mimi nikacheka.

"Mikono hailingani," akasema.

"Najua."

Akaukunja ule mrefu mara moja, taratibu. Akaugonga-gonga kwa kidole, kama mtu anayebandika stempu.

Ndipo Chesang akatokea mlangoni. Alipotuona pamoja alibadilika uso. Chelagat akasimama, akaninyooshea mtoto. "Nishikie kidogo," akasema, akaingia ofisini.

Mlango haukufungwa vizuri. Wamekaa mle muda mrefu sasa. Fomu ni mbili, Chesang alishanieleza — ya nyanya kumchukua mtoto na ya kumwachilia kwetu. Nimesikia kiti kikivutwa. Nimesikia karatasi. Cherono ameshika kalamu yangu, anaivuta, ndiyo maana mstari huu umepinda.

Sasa Chesang anamwuliza, pole pole, "Mama Chelagat, una uhakika?"

Hajajibu. Analia, au anapiga chafya, siwezi kutofautisha. Anasema kitu. Anasema kwanza, kabla ya kutia saini, anataka kuniona mimi —