Gavana Amevaa Shati la Baba

Jumatatu, 3 Oktoba 1994

Shangazi Ozella kahamia kwangu. Daktari kasema miezi miwili, mpaka nyonga ipone. Nilifua mapazia ya chumba cha wageni, nikanunua kiti cha bafuni, nikajiona mtu mwema sana. Kaja na sanduku moja la nguo na makasha kumi na moja ya midoli. Kumi na moja! Binamu Rufus aliyashusha kwenye pikapu huku anacheka peke yake. "Verlene, umepata wapangaji sitini na wanne," akaniambia, akatokomea kabla sijamrushia kitu.

Wote walowezi. Mabwana wa kofia ndefu, mabibi wa sketi pana kama meza, mwoka mikate, hakimu mwenye nywele za bandia. Na Gavana wa Virginia, yule wa mfalme wa Uingereza, urefu wa futi moja, pua juu kama aliyesikia harufu. Tangu utotoni sijaelewa mwanamke mweusi anawakusanya watu hawa wa nini.

Jumatano, 5 Oktoba

Nimerudi kutoka kazini posta, miguu inawaka, nataka kukaa. Kochi limejaa mabibi. Shangazi anasema wanapunga hewa, walifungiwa siku nyingi. Wanapunga hewa! Nikakaa kwenye kiti cha pembeni — juu ya mchungaji. Kofia yake imebonyea.

"We Verlene, nafasi yote hiyo, ukachagua kumkalia mtu wa Mungu?"

Nikaomba msamaha. Nilimwomba mdoli msamaha.

Nimeshaamua. Jumba la makumbusho la wilaya linaandaa maonyesho ya enzi za ukoloni. Kesho nawapigia simu.

Jumamosi, 8 Oktoba

Bi. Lathrop wa makumbusho alipiga mwenyewe. Alinisikiliza kwa upole mpaka nilipotaja Adelaide Pruett, maana jina hilo ndilo limeshonwa kwenye kila mdoli. Basi sauti ikapanda! Midoli ya Pruett? Sitini na minne? Akaniuliza mara mbili kama vitambulisho bado vipo, vile vitambaa vidogo vyeupe ndani ya nguo. Nikasema vipo vyote.

Nikamweleza Shangazi kwa uangalifu, nikiwa na sahani ya maharage mkononi. Watawekwa kwenye makabati ya vioo. Watu watakuja kuwaona. Nilitegemea vita.

"Wawekwe tu," akasema. "Mimi sina pa kuwaweka. Na wewe unawakalia."

Rahisi hivyo. Ningejua.

Jumapili, 9 Oktoba

Kanisani Shemasi Tolliver kamuuliza Shangazi mbele za watu kama ni kweli nyumba yangu ina walowezi wengi kuliko waliokuja na meli. Watu wakacheka. Shangazi akamjibu kwamba wake angalau hawasinzii wakati wa mahubiri. Wakacheka zaidi. Mimi nilitazama kiatu changu.

Jumanne, 11 Oktoba

Nina hasira.

Narudi kutoka kazini, namkuta Shangazi mezani jikoni. Mke wa Gavana yuko mapajani, miguu juu, sketi zimemfunika uso. Mkasi mdogo wa kucha mkononi mwa Shangazi. Mbele yake rundo la vitambaa vyeupe.

"Shangazi! Unafanya nini?"

"Nafumua."

Arobaini na kimoja! Nimevihesabu. Kila kimoja "Adelaide Pruett, Virginia" kwa herufi za bluu. Nilipiga kelele, sioni aibu kuandika. Nikamwambia bila vitambulisho hivi ni matambara yaliyojazwa pamba, Bi. Lathrop atatuona wendawazimu, na kwamba kwa mara ya kwanza nilikuwa nimepanga jambo la familia hii likapangika.

Akaningoja nimalize. Kisha akasema Bi Adelaide alichora nyuso, hilo hamnyimi, mkono wake ulikuwa mwepesi. Lakini nguo hakuzigusa. Hata kutia uzi kwenye sindano hakujua.

"Nani alizishona basi?"

Akanitazama kama alivyonitazama nilipokuwa na miaka sita.

Miaka kumi na miwili! Alizishona yeye, tangu akiwa na miaka kumi na tisa mpaka thelathini na moja, kwenye chumba nyuma ya jiko la akina Pruett. Makoti, vifungo, lesi, soksi za ukubwa wa kidole. Sote tulijua "alifanya kazi kwa Bi Adelaide". Nikamwambia nilidhani alikuwa anafagia.

"Kila mtu alidhani hivyo. Mtu mweusi anaingilia mlango wa nyuma, mwenzangu, wangedhani nini?"

"Mbona hukusema?"

"Nani aliuliza?"

Kwa hiyo miaka thelathini amezunguka minada ya nyumba za watu, akinunua mmoja mmoja kazi ya mikono yake. Na sisi tunamcheka. Hata hivyo angeniambia Jumamosi! Niliposimama na ile sahani ya maharage! Nilimwacha hapo na mkasi wake. Nikafua vitu ambavyo havikuwa vichafu.

Alhamisi, 13 Oktoba

Vitambulisho vyote vimetoka. Sitini na vinne, ndani ya kikombe cha chai. Hakuna mdoli mwenye hata uzi mmoja uliokatika. Mkono wa miaka sabini kasoro mbili!

Asubuhi aliniita. Bado nilikuwa nimenuna. Akasema Bi Adelaide alitoa hariri ya nje tu, bitana ujitafutie. Basi alichukua vya nyumbani: gunia la unga, pazia la bibi, shuka iliyochakaa. Akamvua Gavana koti, akaligeuza ndani nje, akaniwekea kiganjani.

Mistari ya bluu, na katikati uzi mwembamba wa njano.

Ninaijua. Iko ukutani kwangu, kwenye picha. Baba, miaka kumi na saba, ameegemea ua wa mbao, ndani ya shati hilohilo.

"Alilitafuta wiki nzima," Shangazi akasema. "Akamsingizia mbwa." Akacheka mpaka akashika nyonga.

Mimi sikucheka. Baba alikufa nikiwa na miaka tisa. Niliweka kidole pale, kwenye bitana. Sijui nilikaa muda gani. Posta nilichelewa.

Mchana nilimpigia Bi. Lathrop, nikamweleza habari ya vitambulisho. Akaniomba nirudie. Halafu: angekuja kesho saa nane.

Ijumaa, 14 Oktoba

Naandika jikoni, haraka. Bi. Lathrop bado yuko nje.

Alikuja na glavu nyeupe. Mpole, mwenye adabu, alikula vipande viwili vya pai ya viazi vitamu. Alichunguza mishono kwa kioo cha kukuzia, akasema hajaona kazi safi hivi. Akauliza kama kuna maandishi yoyote. Barua, mkataba.

"Nililipwa mkononi, mama. Jikoni."

Akasema anaamini. Anaamini kabisa. Ila kadi ya maonyesho imeshaandikwa "Midoli ya Adelaide Pruett", na ukumbi wenyewe ulijengwa na ukoo wa Pruett, sasa kamati... Labda waongeze mstari mmoja chini: akisaidiwa na mshonaji wa nyumbani.

"Huyo mshonaji hana jina?" Shangazi kauliza. Bila ukali. Kama mtu anayeuliza njia.

Bi. Lathrop akarudia habari ya kamati.

"Verlene, lete makasha."

Mgeni akanigeukia mimi, kama watu wanavyomgeukia mwenye akili zake ndani ya nyumba. Na mimi siku kumi na moja nimeomba midoli hii itoke! Nikainuka. Nikaleta makasha. Nikaanza na mwoka mikate, nikamfunga kwenye gazeti, polepole, kila mguu na lake.

Bi. Lathrop akashika mkoba, akaaga. Hiyo ni nusu saa iliyopita. Gari halijaondoka. Ameweka karatasi juu ya usukani, anaandika, anakata, anaandika.

"Anafanya nini huyo?" Shangazi anauliza, mgongo kwa dirisha.

"Anaandika."

"Mm." Kisha: "Nenda kamwambie Ozella ni 'z' moja. Na Bascombe, ukoo wetu, ina 'e' mwishoni, watu huisahau."

Shangazi, nikamwambia, hatujui kama ndicho anachoandika.

"Nimesema nenda."

Navaa koti. Taa za gari zimewaka — hapana, zimezima. Amefungua mlango. Mguu mmoja uko chini, karatasi iko mkononi.