Baba, Jino Lako Limesagwa Katoro

Baba,

Shikamoo. Nimeandika neno hilo nikasubiri uitikie. Ujinga wangu.

Nakuandikia nikiwa na hasira. Mama anasema marehemu haandikiwi kwa hasira. Lakini wewe ulikuwa ukisema mtu akikosewa aseme, asinune kama fahali mgonjwa. Basi nasema.

Lile jino halipo.

Siku ya nne ya matanga, wanawake wakiwa bado wanasonga ugali uani, niliingia chumbani kwako kutafuta shuka la wageni. Nikainama chini ya kitanda. Gunia la pamba ulilokuwa unalifungia jino nililikuta limekunjwa vizuri, tupu. Kaka Nkwabi alikuwa ameondoka asubuhi ile kurudi machimboni Katoro. Alisema kazi haisubiri.

Sikuhitaji kuuliza mtu. Niliketi kitandani kwako na lile gunia mapajani, nikalia kuliko nilivyolia siku ya kukuzika.

Unakumbuka tulivyolipata lile jino? Nilikuwa darasa la tano. Mvua ilikuwa imemega ukingo wa korongo letu, na ng'ombe walikataa kuvuka. Ukashuka kuangalia, ukakaa huko muda mrefu, ukapanda umelikumbatia kama mtoto mchanga. Ukaliosha kwa maji ya kunyweshea ndama. Lilikuwa na vinundu vya mviringo viwili viwili, na mimi nikasema ni jiwe lenye chuchu. Ukacheka mpaka ukakohoa. Ndipo ukanieleza kwamba ujanani uliwabebea maji wataalamu waliokuja kuchimba mifupa bonde la Manonga, na kwamba walikuonyesha picha ya mwenye jino kama hilo: tembo wa kale, mwenye pembe zilizonyooka kama mikuki, ndefu karibu sawa na mwili wake. "Aliisha kabla mtu hajaumbwa, ng'wanawane," ukasema. Mwanangu.

Tangu siku hiyo mchezo wetu ukawa mmoja. Tukiwa nyuma ya ng'ombe, mmoja anataja mnyama aliyekwisha, mwingine anauliza, "Leo angeishi?" Na jibu lilikuwa na masharti yako: sema atakula nini, atakunywa wapi, atalala wapi. Mimi nilimpenda yule twiga mzito wa shingo fupi, mwenye pembe pana kama makoleo. Nikasema angeishi, angekula majani ya migunga. Ukaniuliza, "Migunga ipi? Si imekwenda kuwa mkaa? Si imekwenda kuwa matimba ya kuzuia mashimo ya wachimbaji, maduara yao, yasiporomoke? Huyo twiga wako angeingia kwenye ngitili ya jirani, malisho aliyoyafunga, kula majani aliyowatunzia ndama wake, apigwe mshale siku hiyo hiyo." Nilikasirika, nikasema basi tembo wako naye angekufa kiu. Ukasema, "Kweli. Angekunywa maji ya kuoshea dhahabu, afe na tumbo limejaa."

Fisi mkubwa tu ndiye tulikubaliana angeishi. Ulisema fisi huku kwetu hakosi kazi.

Nakumbuka pia ulivyolipeleka jino ofisi ya serikali, kwa sababu wale wataalamu walikwambia vitu vya namna ile ni vya nchi nzima. Yule ofisa alilinyanyua akauliza, "Mzee, hili lina dhahabu ndani?" Ukasema halina. "Basi rudi nalo nyumbani, tutakutafuta." Aliandika jina lako kwenye daftari. Miaka mingapi, Baba? Kila gari lilipotimua vumbi barabarani ulikuwa unasimama, unavaa shati. Mimi kwa hilo shati siwasamehe watu wa ofisi ile.

Baada ya kuliona lile gunia tupu nilifunga cherehani yangu pale Ibadakuli, nikapanda basi mpaka Katoro, na bodaboda mpaka machimboni. Nkwabi nilimkuta amekaa kando ya karasha, ile mashine ya kusaga mawe, amejaa vumbi mpaka kwenye kope. Hakunidanganya. Alisema alimpelekea mganga, na mganga akaagiza lisagwe. Likapita humo humo kwenye karasha, likachekechwa, likachanganywa na mafuta. Wachimbaji wanajipaka kifuani kabla ya kushuka shimoni.

Mmoja wao alikuja kunipa mkono wa pole. Kifua chake kilikuwa cha kijivu. "Pole na msiba, dada," akasema, na alisema kwa heshima kabisa. "Mzee wenu ametuachia zali." Bahati, Baba! Nilikuwa nakutazama wewe kwenye ngozi ya mtu nisiyemjua, pamoja na jasho lake. Jino lililostahimili ardhini muda ambao hata wewe hukuweza kunieleza ni mrefu kiasi gani halikumaliza juma moja mikononi mwa watoto wako.

Nilipiga kelele. Nilimwambia Nkwabi mbele ya wenzake, "Umemsaga Baba! Umemsaga kama jiwe!" Nilimwita fisi. Aliacha nimalize. Kisha akasema, taratibu, huku anatazama mikono yake:

"Mlikuwa wawili, Minza. Wewe na yeye, nyuma ya ng'ombe, mnahesabu wanyama wenu. Mimi nikiuliza naambiwa kafunge ndama. Kwangu mimi lilikuwa jiwe chini ya kitanda. Na duara letu limeshaangukia watu wawili. Mmoja tulikuwa tunakula naye sahani moja. Nilitaka nisife."

Njia nzima ya kurudi nilitafuta la kumjibu, na kila nililolipata lilikuwa la kukuuliza wewe.

Kwa nini hukumwambia, Baba? Uliniambia mimi kila kitu mara mia. Yeye ulimwambia kafunge ndama. Nilikusikia ukisema, "Huyo kichwa chake ni cha jembe," nami nikacheka, kwa sababu ilikuwa tamu kuwa mtoto mwenye kichwa. Nimekasirika na mganga, na ofisa, na Nkwabi. Lakini sasa nimekasirika na wewe kuliko wote, na wewe ndiye pekee ambaye siwezi kumfuata kwa bodaboda.

Nkwabi alikuja siku ya kuanua matanga. Nilingoja watu waondoke. Kisha nikamwambia twende korongoni, nimwonyeshe lilipotoka. Alitembea mbele yangu. Tulipofika hakuangalia pale nilipomwonyesha. Alitembea na ukingo, akagusa udongo kwa kiganja, akaonja kidogo, akatema. "Hapa umebadilika," akasema. "Nyinyi mlikuwa mnapita tu. Huu mkanda wa kijivu unaendelea mpaka kule." Akafuata mkanda kama wachimbaji wanavyofuata miamba yao, akachomoa kisu, akaanza kukwangua kwa utaratibu ambao sikujua anao. Jua halijasogea, taya likatokeza. Taya zima, Baba, na meno yake yamepangana.

Miaka yote ulipita pale na ng'ombe. Mchimbaji ulikuwa naye nyumbani.

Alikaa chini, akafuta jasho. Akaniuliza kama ni kweli alikuwepo paka mwenye meno marefu kama majambia. Nikamuuliza amemjulia wapi. "Nilikuwa nawasikia," akasema. "Huyo ndiye wangu. Leo angeishi. Angekula ng'ombe." Nikamwambia wenye ng'ombe wangemmaliza kwa sumu kabla ya mavuno. Akasema, "Basi angehamia machimboni," na tukacheka, nami nikaona haya kucheka na kaburi lako bado bichi.

Hatukulitoa. Tumelifukia tena na kulizungushia miiba. Alipiga picha kwa simu yake, nami nimeandika barua kwa watu wa makumbusho. Jina la Nkwabi nimeliweka la kwanza, kwa sababu yeye ndiye aliyeliona. Keshokutwa anarudi duarani. Nimemsihi asirudi, ameniuliza watoto wake watakula nini. Hilo nalo liko juu yangu kama mzigo wa kuni.

Nakuahidi mambo mawili. Wasipojibu, nitaandika tena, na tena, mpaka waje. Na watoto wa Nkwabi wote watatu nitawapeleka korongoni, hata yule asiyeuliza kitu. Hasa yeye.

Kwaheri, Baba. Pumzika. Hasira yangu haijaisha. Siku itakayoisha nitakuja kaburini kwako, nyuma ya zizi, nikwambie kwa mdomo wangu.

Mwanao,
Minza