Barua Zilizokwenda Kawe

Jumatatu, 2 Machi 1998
Nimefagia, nimejaza dizeli kwenye jenereta. Mgongo unauma tangu juzi. Kompyuta ya duka letu la barua pepe imejaa. Kila jioni bosi, Bwana Salim, anazituma barua za wateja kwa laini ya simu mpaka mashine kubwa iliyoko kwa kaka yake, Kawe. Zinatunzwa huko. Kila inayotoka, huku inafutwa. Kazi yangu wakati huo ni moja: mtu asishike simu, laini isikatike.

Jumanne, 3 Machi
Imeingia barua ya mtoto wa Bi Zuhura, yuko Maskati. Kimya tangu kabla ya Ramadhani. Mama anatoka Mwananyamala kila siku kuuliza. Wino wa kuchapia umekwisha. Bosi kasema kesho tutaivuta kutoka Kawe. Akaanza kutuma, akaenda kuswali magharibi.
Nikashika simu. Mwanangu anaumwa Songea, nilitaka kupiga huko dukani kwa shemeji, bosi asijue. Sikioni mlio kama msumeno kwenye bati. Nikarudisha upesi. Skrini imeganda.

Jumatano, 4 Machi
Kawe zimefika chache. Ya Bi Zuhura haimo. Huku imeshafutwa. Bosi anailaumu laini, eti mvua imeingia kwenye nyaya. Nikaitikia. Mwoga mimi.
Bi Zuhura alinikuta peke yangu. Nikamwambia hakuna kitu. Akatania kwamba mwanawe kaoa huko, kamsahau mama. Alicheka kidogo tu. Ugali umenishinda.

Alhamisi, 5 Machi
Hakuja. Afadhali angekuja.

Ijumaa, 6 Machi
Kaja kumuaga bosi. Hatakuja tena kuuliza. Jumapili anaita watu wamsomee mwanawe hitma, maana aliye hai hanyamazi hivi. Nimeweka ndoo chini, nikasema yote, hata sababu ya kushika simu.
Bosi: "We Mngoni, siku zote hizi unaniangalia nagombana na watu wa simu?"
Bi Zuhura hakumsikiliza.
"Jumanne aliandika?"
"Ndiyo, mama. Jina lake nililiona mwenyewe."
"Basi Jumanne alikuwa hai." Akakaa chini, pale pale sakafuni. Kisha akanitazama. "Na wewe ukaniambia hakuna."
 

Jumatatu, 9 Machi
Hitma haikusomwa. Bosi amemwandikia kijana arudie barua yake. Bado hajajibu. Sijafukuzwa, lakini bosi haniiti kwa jina.
Bi Zuhura yuko kwenye benchi tangu asubuhi. Nimempa shikamoo, kaitikia marahaba bila kuinua macho. Nikaendelea kupiga deki. Nilipofika miguuni pake akauliza kama mwanangu amepona.
Nikasema sijui, mama.
Akasogea kidogo. Nikakaa.