Kapiteni Anangoja Amina

Kimanga, Uvira

Muhire mwanangu,

Namba yako haipite tena, ndiyo maana jirani yangu Iribagiza, anayekuja huko Kampala, atakuletea barua hii mukononi. Huku mvua ni mingi na ziwa limepanda, lakini nyumba bado iko kavu.

Mbwa wako Kapiteni iko mugonjwa sana. Muganga wa mifugo anasema ni figo na uzee, dawa itamupunguzia maumivu tu, ila lazima ale. Nilimupa bugali na muchuzi wa ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa, akageuza kichwa. Nikamupashia maziwa kama tulivyokuwa tunamupa tulipoishi kule milimani Rurambo, hakuyagusa. Alikuwa ananitazama mimi, si sahani. Siku tano, Muhire! Nilimukaripia, kisha nikalia.

Jana muchana ndipo nikakumbuka. Ni weye ulimufundisha asiguse chakula mpaka tuseme Amina. Na mimi, tangu tumuzike baba yako, nakula bila kuomba. Ndiyo, mwanangu, tulimuzika Jumapili iliyopita. Nilipiga namba yako mpaka simu ikazimika.

Basi nikafumba macho, nikaomba, nikasema Amina. Kapiteni akainua kichwa, akalamba maziwa hadi nusu sahani.

Sasa naomba kila tunapokula, kwa ajili ya mbwa tu. Lakini nikifika kwenye jina lako ninakawia, na yeye ananingoja na njaa yake.

Usitungojeshe sana.

Mama yako,
Nyiransengimana