Shahidi Ambaye Hakufika

Hallonbergen, Stockholm
9 Novemba

Mpendwa Dada Paskalia,

Pokea shikamoo ya mdogo wako, na kabla hujaendelea kusoma mfikishie Mama shikamoo yake. Wanangu wawili uliowazaa hawajambo? Nasikia wamekupita kimo. Huku mwili ni mzima. Baridi imeanza, saa kumi jioni giza limeshaingia. Kazi ni ile ile ya kuwahudumia wazee majumbani mwao, na binti yangu Bella bado ananijibu kwa Kiswidi kila nikimsemesha Kiswahili. Barua hii anakuletea Concessa, anayesafiri kuja huko, kwa mkono, kwa kuwa yaliyomo si ya simu.

Uliniandikia siku matokeo yalipotangazwa, ukauliza imekuwaje mtu aliyeshtakiwa kwa damu ya watu arudi kukalia kiti kile kile cha urais. Dada, swali hilo tulilijadili huku mwaka mzima kabla ya kura, kila Jumapili baada ya ibada, kwenye kahawa. Mume wangu Egide aliapa kwamba haiwezekani, watu wetu wana makaburi ya kuwakumbusha. Maina, Mkenya mmoja anayeendesha basi, alimcheka taratibu. Alisema kushtakiwa si kuhukumiwa, na mkubwa akishtakiwa hupata kura za wanaompenda, akaongezewa na za wanaomhurumia. Sheria yetu inamzuia kugombea aliyetiwa hatiani tu. Bila hukumu, alisema, mtampigia magoti tena. Egide alikasirika, akaacha kahawa yake. Mimi nilikuwa naosha vikombe.

Siku ya kura nilipanga foleni ubalozini na wenzangu, nikamkataa kwa kura yangu moja. Ilikuwa nyepesi mno mkononi.

Katika ujumbe wako uliandika pia kwamba mahakama maalumu ilimngoja shahidi mmoja siku mbili, shahidi aliyefichwa jina, naye hakufika. Kesi ikaahirishwa, jina la mgombea likapita. Ukamalizia: "Mtu huyo, popote alipo, Mungu amnyime usingizi."

Dada, mtu huyo ni mimi.

Mumeo, shemeji Glody, alipochukuliwa, nilikuambia nilikuwa nimelala na homa, sikuona kitu. Nilikudanganya. Nilikuwa dukani ng'ambo ya barabara, nanunua sabuni. Shemeji alisimama kwenye mlango wa kituo cha kura, ameshika fomu za matokeo aliyokataa kuyabadilisha. Msafara ukasimama, kioo cha gari kikashuka. Rais mwenyewe, huyu huyu aliyerudi leo, alimtazama, kisha akawaambia askari maneno mawili tu: "Huyu naye." Wakampakia garini mchana kweupe, na fomu zake mkononi.

Nilikaa na maneno hayo miaka tisa. Wapelelezi wa mahakama hiyo maalumu waliponifikia huku niliwaeleza yote, nikatia saini. Walinikataza kumwambia mtu, na hata Egide sikumwambia. Nilipangiwa siku ya kusema mbele ya majaji, kwa njia ya video, hapa hapa Stockholm.

Wiki mbili kabla ya siku hiyo alikuja Évode, yule mtu wa kwetu anayekaa Upplands Väsby na kuwaongoza wafuasi wa chama cha Rais huyo huku. Jina langu alilipataje, sijui mpaka leo. Alikuja mchana, Egide akiwa kazini. Alivua viatu mlangoni, akala, akayasifu maharage yangu. Kisha akanionyesha picha kwenye simu. Mama ameketi uani kwako anachambua mchele, amevaa kitenge nilichomtumia Pasaka. Picha ilikuwa ya juzi yake. Akasema, "Mama mzima kabisa. Sote tunaomba abaki hivyo." Akashukuru kwa chakula, akaenda zake.

Ningewaambia nini polisi? Kwamba mtu amemwombea mama yangu afya? Ningeweza kuwaambia wapelelezi, hilo nalo ni kweli, lakini nilinyamaza. Siku yenyewe nilizima simu, nikashuka hadi kituo cha treni, nikaziacha treni saba zipite. Nikarudi nyumbani kupika.

Nilijifariji kwamba nimemchagua Mama, na kwamba mtoto yeyote angefanya hivyo. Faraja hiyo ilidumu mpaka Jumapili iliyopita, Mama aliponipigia. Kwa sauti yake ya kila siku akaniambia kwamba amempigia kura mtu yule. Nikamuuliza, hata baada ya Glody? Akasema miaka yote alimshuku, akaingoja mahakama hiyo kuliko hata wewe. Halafu akaniuliza, "Kama ni yeye aliyefanya, mbona hakusimama hata mtu mmoja akasema?"

Nilimwambia mtandao unasumbua.

Sasa ameapishwa, na kwa sheria yetu aliyeko madarakani hashtakiki. Shahidi asiye na kesi hamtishi mtu, na hakuna tena mwenye haja na picha ya Mama. Ndiyo maana naweza kuandika haya. Ushujaa wangu umefika siku ambayo haugharimu kitu. Egide nitamweleza leo akirudi kutoka kazini.

Sikuombi msamaha. Nakuomba jambo moja. Mama hajui kusoma, msomee barua hii yote. Asikie maneno mawili yale, na asikie ni nani aliyeyanyamazia.

Wasalimie watoto. Uwaambie baba yao hakuzibadilisha zile namba. Ukinijibu kwa ukali nitasoma kila neno, na ukinyamaza nitaelewa.

Ni mimi mdogo wako,
Josiane