Pangoni Bila Ummy

Jumanne, 12 Agosti 2025
Daftari, uniwie radhi, nimekutupa muda mrefu. Tangu nijifungue Ummy sijaandika kitu — mkono mmoja mtoto, mwingine sufuria. Leo mikono mitupu. Ummy yuko Kaole kwa Bi Somoe, mama mkwe wangu. Mimi niko kambini kwa watafiti wa mambo ya kale, nachekecha udongo unaotoka pangoni. Wanaume wanachimba taratibu kwa mwiko wa fundi, sisi wanawake tunatikisa chekeche, mawe yaliyochongwa yanabaki juu, na Dokta Kholood, mkuu wetu, anayaandikia namba. Ya watu wa kale, kabla ya chuma. Moja jeupe limenikata kidole. Miaka yote hiyo ardhini na bado lina makali! Kazi hii naipenda.

Jumatano, 13 Agosti
Mume wangu Muzammil kapiga simu. Eti mtoto kakataa uji, kakataa kikombe, analala kwa kuchoka kulia. Bi Somoe akachukua simu. Shikamoo, marahaba, kisha: ndio wakati wa kumwachisha, mwanangu, mwache alie, atasahau ziwa. Nikamwambia, mama, ana mwaka na miezi mitatu tu, miaka miwili ni haki yake. Akasema haki yake ni mama, si maziwa.
Gauni limelowa kifuani. Nimekamua, nikamwaga nyuma ya choo.

Alhamisi, 14 Agosti
Homa. Ziwa la kushoto gumu. Fatu, mwenzangu wa chekeche, kanikanda kwa kitambaa cha moto huku ananitania: jiwe hilo, shoga, mpelekee Dokta aliandikie namba! Nimecheka huku nalia.

Jumamosi, 16 Agosti
Dokta Kholood katuita shimoni, ndani ya pango. Vipande vya mawe vimetapakaa kama magamba ya samaki, vimezunguka sehemu tupu. Hapo, kasema, alikaa mtu anachonga, miguu yake ikazuia vipande. Pembeni yapo mawe mengine madogo, yamegongwa hovyo hovyo. Huenda ya mtu anayejifunza. Huenda mtoto.
Fatu: Kumbe huyu alikuja kazini na mwanawe!
Watu wakacheka, na Dokta pia. Ila akasema tusiharakishe kumwita mama, huenda alikuwa babu. Huenda hata mtoto hakuwepo, ni mtu mzima asiyejua kazi. Jiwe halisemi.
Sawa, jiwe halisemi. Mimi nina mdomo. Walipotawanyika nikabaki. Dokta, nikamwambia, kazi naitaka mpaka shimo lifukiwe. Lakini mwanangu aje. La sivyo narudi Kaole, umpe mwingine chekeche langu. Nimesema!
Akaviangalia vile vipande. Mtoto wa kutia kila kitu mdomoni, kasema, na mawe makali namna hii? Najua, nikasema. Mwisho akakubali kwa sharti: aje na mtu mzima wa kumwangalia, wakae kambini, shimoni asifike. Bila mtu mzima, hapana.
Mtu mzima! Ninaye mmoja tu.

Jumapili, 17 Agosti
Nimemwomba Bi Somoe aje na Ummy, hajajibu. Muzammil anasema kanuna. Eti yeye na umri wake akalale porini, penye pango la mizimu? Lakini tangu asubuhi anafua nguo za Ummy. Zote. Sijui anafua za kuja au za kubaki.
Gari la maji linatoka Bagamoyo kesho na litawapitia. Sitambembeleza tena. Nimemwambia Muzammil aweke vitu mlangoni, mama avione mwenyewe:
Chandarua kipana, cha kulala watu watatu.
Unga wa lishe, mfuko mdogo tu.
Kofia ya Ummy. Jua la huku kali.
Kanga kuukuu mbili, za nepi.
Vidonge vya presha vya mama, visikatike njiani.
Mkeka wake wa kuswalia.
Tambuu yake ya kutafuna pia, huku hakuna duka.
Shubiri ya kunipaka ziwani ili mtoto aone uchungu aache — hiyo asifungashe. Hata mama akimwambia.